Je, watu wa Kilwa na Ziwa Nyasa walivushwa Atlantiki?

Msomaji wa Lindi ameuliza hivi: wazee wa kwao husimulia kwamba watu wa pwani ya kusini na wa Ziwa Nyasa waliuzwa mpaka Amerika. Mwalimu wa historia wa mwanawe amekataa. Amesema waliovuka Atlantiki walitoka Afrika Magharibi, na wa huku kwetu walipelekwa Zanzibar na Uarabuni tu. Anataka kujua nani ana haki, na atahakikishaje.

Ndugu, wazee wako wana haki. Mwalimu naye hakubuni, ila amefundisha sehemu iliyo kubwa akaiacha iliyo ndogo, na hiyo ndogo ndiyo inayokuhusu wewe.

Tuanze na hesabu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 16 hadi 1866, watu takriban milioni 12.5 walipakiwa melini upande wa Afrika ili wavushwe Atlantiki, na kama milioni 10.7 walishuka hai upande wa pili. Pwani ya Kongo na Angola peke yake ilitoa karibu milioni 5.7. Pwani ya kusini mashariki pamoja na visiwa vya Bahari ya Hindi, yaani Msumbiji hasa, kisha Madagaska na kipande cha Kilwa, ilitoa takriban 540,000. Ni kama wanne katika kila mia, ndiyo maana vitabu vya shule huwapita. Lakini pima kwa njia nyingine: waliofikishwa moja kwa moja kutoka Afrika katika eneo ambalo leo ni Marekani, kwa miaka yote ya biashara hiyo, hawafiki 400,000. Waliopakiwa upande wetu wa bara ni wengi kuliko hao, na bado ukimwuliza mtu wa kawaida atakuambia upande huu haukuhusika.

Kinachowachanganya watu ni kwamba wakisikia "Afrika Mashariki" mawazo yanakwenda Zanzibar na Bagamoyo. Hapo kweli hutapata meli za Atlantiki za kutaja. Mpaka wa kushika kichwani ni Rasi ya Delgado, karibu na mdomo wa Ruvuma. Kusini yake walikuwa Wareno na bandari zao: Ibo, Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane, Inhambane. Huko ndiko Atlantiki ilikochota. Kaskazini yake ulikuwa ulimwengu wa Waswahili na Waomani, uliouza Arabuni, Ghuba, na baadaye kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Kilwa ilikaa katikati, ikauza pande zote mbili, tena kwa mkataba wa maandishi.

Mkataba wenyewe ni wa Septemba 1776. Upande mmoja ni Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa. Upande wa pili ni Jean-Vincent Morice, Mfaransa aliyekuwa daktari mpasuaji kabla ya kugeuka mfanyabiashara. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa riale 20 za fedha, na Morice amlipe sultani zawadi ya riale 2 kwa kila kichwa. Mwingereza, Mholanzi wala Mreno asiuziwe mpaka Morice atosheke. Muda wa mkataba ni miaka 100. Haukudumu hata kumi kwa maana yoyote ya kweli, kwa kuwa katikati ya miaka ya 1780 Waomani walirudisha mkono wao juu ya Kilwa, ila unaonyesha wazi jinsi mambo yalivyopangwa. Na hizo riale zilikuwa fedha ya Wahispania, iliyochimbwa Mexico na Peru. Fedha ya Amerika ilikuwa inanunua watu Kilwa kabla meli ya kwenda Amerika haijatia nanga.

Wengi wa watu walionunuliwa na Morice walikwenda Île de France, ambayo ni Morisi ya leo, na Bourbon, yaani Réunion, kulima kahawa na miwa. Hiyo bado ni Bahari ya Hindi. Hatua ya pili ndiyo iliyovuka Atlantiki. Kufikia miaka ya 1780 mashamba ya Saint-Domingue, Haiti ya leo, yalikuwa yanakula watu kuliko koloni lolote la Ufaransa, na bei Afrika Magharibi ilikuwa imepanda. Manahodha Wafaransa wakaanza kuunganisha safari: bidhaa kutoka Ufaransa, kituo Morisi, kupakia watu Kilwa, Ibo au Kisiwa cha Msumbiji, kisha kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Karibi. Mwaka 1784 nahodha mmoja, Crassons de Medeuil, aliiandikia serikali yake ripoti kuhusu Kilwa akiisifu kama bandari ya kununulia watu. Kule Saint-Domingue, gazeti la koloni lilichapisha matangazo ya watumwa waliotoroka, na kwenye baadhi ya matangazo taifa la mtoro limeandikwa "Mozambique". Kisha mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliasi, na soko la Mfaransa katika Atlantiki likaporomoka.

Nani hasa walipakiwa? Hapa ndipo Ziwa Nyasa linapoingia. Misafara ya Wayao ilikuwa inashuka pwani na pembe za ndovu tangu zamani, na watu wakazidi kuwa sehemu ya shehena hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 18. Walitoka mashariki na kusini mwa ziwa: Wanyanja na jamii nyingine za Wamaravi, Wamakua waliokuwa karibu zaidi na pwani, na Wayao wenyewe pale walipovamiana au kudaiana. Msafara ulichagua bandari kwa hesabu. Wareno walipobana kwa ushuru na bidhaa duni, Wayao waligeuza njia kuelekea Kilwa, kwa hiyo kijiji kimoja cha ziwani kingeweza kupoteza watu kwa njia ya Kilwa mwaka huu na kwa njia ya Msumbiji mwaka ujao. Mtu aliyekamatwa hakuchagua bahari. Bandari aliyoangukia ndiyo iliyoamua kama atazeekea Pemba, Muscat au Rio de Janeiro.

Bidhaa iliyotumika zaidi kununulia bara ilikuwa nguo za Gujarat, India. Katika Kisiwa cha Msumbiji mtaji ulikuwa mikononi mwa Wabaniani, wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Diu, ambao walileta vitambaa, wakavitoa kwa mkopo, wakangoja pembe na watu virudi. Mfaransa aliongeza bunduki na baruti, Mreno ushanga na pombe. Ukisikia mtu akisimulia kwamba Mzungu aliingia bara na mnyororo akakamata watu mwenyewe, ujue kwa pwani hii si hivyo ilivyokuwa: Mzungu alikaa bandarini na mnyororo wa mikopo ndio ulioingia bara.

Kwa nini basi idadi kubwa ni ya karne ya 19, wakati dunia inasema biashara ilikuwa inapigwa marufuku? Kwa sababu hiyohiyo. Zaidi ya robo tatu ya watu wa kusini mashariki waliovushwa Atlantiki walipakiwa baada ya 1800. Uingereza ilipiga marufuku biashara kwa raia wake mwaka 1807, kisha ikaanza kuwabana wengine. Mwaka 1815 Ureno ilikubali kuacha biashara kaskazini mwa ikweta, na mwaka 1817 ikakubali meli zake zipekuliwe na manowari za Kiingereza. Kusini mwa ikweta iliachwa halali. Angola iko kusini, na Msumbiji iko kusini. Wakati huohuo mtawala wa Ureno, aliyemkimbia Napoleon, alikuwa amehamia Rio tangu 1808, na kuanzia 1811 bandari za Msumbiji zilifunguliwa kwa wafanyabiashara wa Brazili. Hapo mambo yakafumuka. Quelimane, ambayo awali ilikuwa bandari ndogo ya mto, ikawa mojawapo ya milango mikuu.

Kukawa na haraka zaidi baada ya 1826, pale Brazili, ambayo tayari ilikuwa huru, ilipotia saini na Uingereza kwamba biashara itakoma Machi 1830. Wanunuzi wa Rio walijaza meli kama mtu anayejaza ghala kabla ya bei kupanda. Sheria ya Brazili ya tarehe 7 Novemba 1831 ilisema kila mtumwa atakayeingizwa ni mtu huru. Haikuheshimiwa, magendo yakaendelea miaka karibu ishirini, mpaka sheria ya Septemba 1850 ilipotekelezwa kwa nguvu. Baada ya hapo soko lililobaki lilikuwa Kuba, mpaka miaka ya 1860. Kati ya hayo yote usisahau Montevideo na Buenos Aires, ambazo tangu mwisho wa karne ya 18 zilipokea meli nyingi kutoka Msumbiji, wala Charleston ya South Carolina, iliyofungua tena bandari yake kati ya 1804 na mwisho wa 1807 na kupokea, kati ya maelfu ya wengine, baadhi ya watu wa Msumbiji. Madagaska ilitangulia wote: meli za Kiingereza zilipeleka Wamalagasi Barbados, New York na Virginia tangu karne ya 17 hadi kama 1721.

Safari yenyewe ilikuwa mbaya kuliko ya magharibi, na sababu zinahesabika. Kutoka Luanda hadi Rio, meli ilitumia siku 35 hadi 40. Kutoka Kisiwa cha Msumbiji ilihitaji zaidi ya miezi miwili. Sheria ya Ureno ya 1684 iliagiza kila mtu apewe kanada moja ya maji kwa siku, kama lita 1.4. Chukua watu 500: ni lita 700 kwa siku. Kwa siku 40 nahodha anahitaji lita 28,000. Kwa siku 70 anahitaji lita 49,000, na hapo hujahesabu mabaharia wala maji ya kupikia unga wa muhogo na maharage. Meli haikuongezeka ukubwa. Ama apunguze watu, ama apunguze maji, na mwenye meli alilipwa kwa vichwa. Juu ya hayo kulikuwa na wiki za ngojangoja bandarini watu wakiwa wamefungwa kwenye mabanda, ambako ndui na kuhara damu vilianza kabla ya tanga kupandishwa. Kisha baridi na mawimbi ya kusini mwa bara, watu wakiwa karibu uchi. Kisha kiseyeye. Kwa Atlantiki nzima, karibu mmoja kati ya saba alikufa njiani. Kwa waliotoka upande wetu alikufa takriban mmoja kati ya watano.

Kuna meli moja inayoweza kukuonyesha haya kwa karibu, nayo ni São José Paquete de África. Iliondoka Lisbon Aprili 1794 ikiwa na vipande vya chuma zaidi ya 1,400 vya farumi, yaani uzito wa kuitulizia meli majini. Msomaji wa pwani anajua farumi ni ya nini, lakini hapa kuna jambo la kutazama. Meli iliyojengewa kubeba sukari au mbao hukaa vizuri majini kwa sababu ya uzito wa shehena. Watu ni wepesi kuliko shehena hizo, wanahitaji nafasi juu yao, wanasogea, na wanapungua uzito kadiri siku zinavyopita. Bila chuma cha kulalia chini, meli ingeyumba vibaya. Kwa hiyo farumi nyingi ya namna ile kwenye orodha ya meli inayokwenda Afrika ni dalili kwamba ilikuwa inakwenda kuchukua watu.

Tarehe 3 Desemba 1794 ilitoka Kisiwa cha Msumbiji na watu zaidi ya 400 wa kupelekwa Maranhão, kaskazini mwa Brazili. Ilikuwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo ya Wareno ya kuunganisha pwani ile na mashamba ya Brazili moja kwa moja. Tarehe 27 Desemba usiku, ikitafuta kinga ya upepo karibu na Cape Town, ilipanda miamba si mbali na ufuko. Nahodha na mabaharia wake waliokolewa wote. Watu zaidi ya 200 waliokuwa wamefungwa walikufa maji, na walionusurika waliuzwa palepale Cape siku chache baadaye. Wapiga mbizi waliyaona mabaki miaka ya 1980 wakadhani ni meli ya Kiholanzi. Kilichowageuza watafiti ni maelezo ya nahodha yaliyokutwa kwenye nyaraka za Cape, kisha orodha ya Lisbon yenye vile vyuma, kisha vyuma vyenyewe chini ya bahari. Utambuzi ulitangazwa 2015. Zingatia mfuatano huo, maana ndio utakaoutumia wewe mwenyewe: maelezo, hati ya bandari ya kuondokea, na kitu kinachoshikika.

Huko walikofika, majina yao yalimezwa na jina la bandari. Rio de Janeiro watu wengi walishukia Valongo, gati iliyojengwa 1811, ikafukiwa, ikafukuliwa tena 2011 wakati wa ukarabati wa bandari, na sasa iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2017. Karani wa Brazili aliandika "Moçambique", "Quilimane" au "Inhambane". Mnyanja, Mmakua na Myao wakawa taifa moja kwenye karatasi, na baada ya muda hata maishani, kwa sababu walifanya kazi pamoja, wakazikana na kuoana. Katika sherehe za congado za jimbo la Minas Gerais, Brazili, hadi leo kuna vikundi vya ngoma vinavyoitwa moçambique. Kuba walijulikana kama Macuá. Hapa nikuonye jambo moja: maneno ya Kibantu yaliyobaki Brazili yanasikika kama ya kwetu, na mitandaoni watu huyatumia kama ushahidi. Mengi ni ya Kimbundu na Kikongo, lugha za Angola na Kongo. Ni ndugu wa lugha zetu, hayathibitishi kwamba msemaji alitoka Lindi.

Sasa sehemu ambayo mwalimu ana haki. Mwaka 1822 Sayyid Said wa Oman alisaini na Waingereza mkataba wa Moresby, uliokataza kuuza watumwa kwa Wakristo kutoka katika milki yake. Ulichorwa mstari kuanzia Rasi ya Delgado kwenda kaskazini mashariki. Kwenye karatasi, mlango wa Kilwa kwa Mfaransa ulifungwa. Muda mfupi baadaye karafuu zilitapakaa Unguja na Pemba zikataka mikono, kwa hiyo watu wa ziwa walioshuka Kilwa Kivinje miaka ya 1840, 1850 na 1860 walikwenda Zanzibar kwa maelfu kila mwaka. Mkataba wa 1845 ulipiga marufuku kuwapeleka Arabuni, wa 1873 ukafunga soko la Zanzibar. Kizazi hicho ndicho wazee wa wazee wetu walichokiona kwa macho, na ndicho kilichojaa vitabuni. Wengine walivushwa mlango wa bahari wa Msumbiji hadi magharibi mwa Madagaska, ambako waliitwa Makoa au Masombika. Malkia wa huko aliwaachia huru 1877.

Hata hivyo biashara hizo mbili hazikuwa vyumba viwili vyenye ukuta kati yake. Angalia kitambaa cha merikani. Kuanzia miaka ya 1830, hasa baada ya mkataba wa Zanzibar na Marekani wa 1833, meli za Salem, mji wa bandari wa Marekani, zilileta marobota ya nguo iliyofumwa Massachusetts, zikarudi na pembe na sandarusi. Pamba ya nguo ile ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Msafara wa kwenda Unyamwezi au Nyasa uliibeba kama fedha, na kwa fedha hiyo ulinunua pembe, chakula, ruhusa ya kupita, na watu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka 1861, merikani iliadimika Zanzibar.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, kuna hifadhidata ya bure kwenye intaneti iitwayo SlaveVoyages, yenye safari zaidi ya 36,000. Chagua eneo la kupakia la Afrika ya kusini mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi, kisha weka miaka. Mambo matatu huwaangusha wanaoanza. La kwanza, kuna ukurasa wa safari zenye hati na ukurasa mwingine wa makadirio. Hesabu nilizokupa ni za makadirio, na ukizitafuta kwenye safari utapata pungufu. La pili, waliopakiwa na walioshushwa ni safu mbili tofauti. Anayenukuu milioni 12.5 na anayenukuu milioni 10.7 hawapingani. La tatu ndilo linalokuhusu: safari nyingi zimeandikwa "Mozambique" bila bandari, kwa hiyo ukitafuta "Kilwa" tu na kupata meli chache usidhani umemaliza. Jaribu pia tahajia za zamani, hasa Quiloa, na Quelimane kwa Q na kwa K.

Vipimo vya DNA vinaweza kumwonyesha Mbrazili kwamba ana asili ya kusini mashariki mwa Afrika, lakini usitegemee vikupe kijiji. Kampuni hulinganisha na sampuli ilizonazo, na ikiwa haina sampuli za Wamakua au Wayao itakupa jirani aliye karibu.

Kwa upande wa wazee wako, andika wanachosema kabla ya kukisahihisha. Uliza bandari kwa jina, uliza mnunuzi alikuwa nani, uliza ukoo wa aliyepotea, na uliweke tukio kwa kulilinganisha na lingine: kabla au baada ya kuja kwa Wangoni, kabla au baada ya Mjerumani. Wangoni walifika nchi ya Ziwa Nyasa miaka ya 1830 na 1840. Simulizi la kabla ya hapo lenye Kisiwa cha Msumbiji, Ibo au Mfaransa ndani yake linaweza kabisa kuwa la Atlantiki. Simulizi la baada ya 1850 lenye Kilwa Kivinje na Mwarabu, mtafute mtu wako Unguja na Pemba kwanza. Na mwalimu mpelekee ombi dogo tu: kwenye ramani ya darasani aongeze mshale mmoja, utoke Kisiwa cha Msumbiji, upite chini ya Rasi ya Tumaini Jema, uishie Rio.